Choo Kilichokuwa Kikicheza: Tathmini ya Fundi, Skrubu na Silikoni

Fundi bomba niliyemwita aje kukitengeneza choo chetu cha kukaa, hapa Tabata jijini Dar es Salaam, alitumia karibu saa nzima ya kwanza bila kutoa mkobani mwake kitu chochote isipokuwa pima maji, kipande cha karatasi ngumu na sarafu ya shilingi 200. Alipiga magoti, akaigonga marumaru moja baada ya nyingine kwa ile sarafu huku ameinamisha sikio, akapitisha karatasi chini ya kitako cha sinki la choo kila upande, akaweka alama kwa penseli, kisha akaanza upya. Mimi nilisimama mlangoni nikijiuliza kama nimeita fundi au mganga. Sasa imepita miezi minane, choo hakijatikisika hata kidogo, na nikiulizwa ni sehemu gani ya kazi iliyostahili zaidi zile shilingi 60,000 nilizomlipa, nitajibu kwamba ni saa ile ya sarafu.

Chetu ni choo cha aina inayouzwa sana madukani: sinki la kauri lenye tangi juu yake, mdomo wa kutolea uchafu ukielekea nyuma na kuingia kwenye bomba la plastiki la inchi 4 lililo ukutani, na kitako kinachofungwa sakafuni kwa skrubu mbili. Kiliwekwa nyumba ilipomalizika mwaka 2014. Mwanzoni kilicheza kidogo tu, kiasi cha mtu kuhisi anapogeuka kuchota maji kwenye ndoo. Baadaye kikawa kinatoa mlio wa kugonga. Na mwishowe mama yangu, ambaye magoti yake hayamruhusu kuchuchumaa na ndiye hasa tuliyemwekea choo cha namna hiyo, akaanza kuomba asindikizwe, kwa kuwa alizoea kushika ukingo wa sinki anapoinuka, na sasa sinki lilikuwa linamfuata.

Madhara ya choo kinachocheza hayamwishii anayekikalia. Kila kinapotikisika, mdomo wake wa nyuma hutikisika nao ndani ya bomba, na kiungo cha hapo, kama kilifanywa kwa saruji, huachia kidogo kidogo. Yale maji yanayobaki kwenye shingo ya sinki, ambayo kwa kawaida huwa na kina cha takriban milimita 50, kazi yake ni kuizuia harufu ya karo na mende wake wasipande ndani. Lakini kiungo kikishapasuka upande wa nyuma wa maji hayo, harufu haihitaji tena kupita shingoni, inajitokea pembeni. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Tulimwaga dawa za kila rangi sakafuni kwa miezi kadhaa, na wasichana wa nyumba wakalaumiwa bure kwamba hawasugui vizuri.

Kabla ya fundi huyu alikuwapo mwingine, ambaye sitamtaja yeye wala mahali alipo. Alimaliza kazi kwa dakika 40. Alikoroga saruji nyeupe kwenye kopo la rangi, akaishindilia kuzunguka kitako chote, akailainisha kwa kidole kilicholowa maji, akatuagiza tusikitumie choo mpaka kesho yake, akapokea shilingi 15,000 na kwenda zake. Kwa macho kazi ilipendeza sana, na nilimsifu. Miezi saba baadaye ufa mwembamba kama unywele ulionekana upande wa kushoto, ukapanuka, na choo kikarudia mchezo wake, safari hii kikiwa na makali ya saruji iliyokatika ambayo yalituchubua vidole vya miguu.

Saruji nyeupe naizungumzia kwa kirefu kwa sababu ndiyo dawa ambayo mafundi wengi huikimbilia, na pia kwa sababu kusema kwamba haifai kabisa kungekuwa kuionea. Bei yake ni ndogo, inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na pale ambapo sakafu ni imara na choo tayari kimefungwa sawasawa kwa skrubu, inaweza kuujaza mwanya mdogo na kukaa miaka. Kosa ni kuipa kazi ya kukishika choo. Saruji hustahimili kukandamizwa, lakini haistahimili kuvutwa wala kupindwa, na mtu anapoegemea upande mmoja wa sinki, upande wa pili unavutwa kwenda juu. Hapo ndipo unywele ule unapozaliwa. Isitoshe, uso wa kauri iliyong'arishwa hauipi saruji mahali pa kujishikiza. Kisha kuna siku ya kukitoa choo, ambayo lazima ifike, kwa kuwa mpira wa ndani utachakaa au kitu kitanasa, na siku hiyo saruji haifunguliwi bali inavunjwa kwa tindo na nyundo, pembeni kabisa ya kauri, kila pigo likiwa bahati nasibu. Na kibaya zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba inaficha. Kwetu ilificha uvujaji na ilificha jambo jingine ambalo nisingeliamini kama nisingeliona kwa macho yangu.

Huyu wa pili nilielekezwa na jirani. Alipoingia alimwamkia mama kwanza, "Shikamoo bibi," na swali lake la mwanzo lilikuwa kwake, si kwangu: "Bibi, ukiinuka huwa unashika wapi?" Mama akamwonyesha. Akatikisa kichwa, akapiga magoti.

Alilibana sinki kwa mapaja yake, akalitikisa tangi peke yake. Sababu aliyoieleza ni kwamba watu wengi humwita fundi wakisema choo kinacheza, kumbe kinachocheza ni tangi tu juu ya sinki, na tatizo hilo ni dogo: bolti mbili za chini ya tangi, zenye wosha (vipete) za mpira, zimelegea au mpira wake umechakaa, na tiba yake ni kuzikaza kwa zamu au kubadilisha wosha, bila kugusa sakafu. Tangi letu lilikuwa imara. Kilichocheza kilikuwa kitako. Karatasi ngumu ilipita chini ya kitako upande wa kulia nyuma na kuingia ndani urefu wa kidole, wakati upande wa kushoto mbele haikupita kabisa. Pima maji nayo ikaonyesha kwamba sakafu imeinamia tundu la kutolea maji, jambo ambalo ni sahihi kwa sakafu ya bafu, isipokuwa aliyeweka sinki hakukumbuka kwamba nalo linakaa juu ya mteremko huohuo. Sinki lilikuwa limekaa kama meza yenye mguu mfupi.

Halafu sarafu. Marumaru iliyolazwa vizuri, ikigongwa, hutoa sauti kavu na fupi. Marumaru mbili za upande wa kulia zilitoa sauti ya mtungi mtupu, maana yake chini yake kulikuwa na uwazi. Hili ni zao la mafundi wanaoweka udongo wa saruji kwa vitone vitano, kimoja kila pembe na kimoja katikati, badala ya kuutandaza wote. Marumaru inashika, nyumba inapendeza, na hakuna anayejua mpaka siku mtu anapotoboa au anapoweka uzito hasa juu ya sehemu isiyo na kitu chini yake. Uzito wa kitako cha choo chetu, upande wa kulia, ulikuwa juu ya hewa iliyofunikwa kwa marumaru yenye unene wa milimita zisizozidi 10.

Alipobandua kipande cha saruji nyeupe upande wa kushoto, skrubu ilionekana, kichwa kikiwa kimeliwa na kutu mpaka bisibisi haikupata pa kushika. Upande wa kulia aliendelea kubandua, akachokonoa tundu la kitako kwa msumari, akanigeukia.

"Mama, hapa hapakuwahi kufungwa," alisema. "Palizibwa tu."

Yaani tangu 2014, choo kilichokaliwa na watu saba kila siku kilishikwa na skrubu moja, na fundi wa kwanza alilipaka saruji tundu tupu bila ya kujiuliza kwa nini ni tupu.

Kazi yenyewe ilichukua siku mbili zenye mapumziko ya siku tatu katikati yake, na sisi tukahamia choo cha nje. Siku ya kwanza alifunga koki ndogo ya ukutani, akavuta maji yaliyomo, akakausha yaliyobaki kwa sifongo, akafungua mpira wa kupeleka maji, akalishusha tangi. Kisha akaja kwenye saruji ya fundi mwenzake, na hapa alinieleza mapema kwamba inawezekana kauri ikaumia, akaniuliza kama niko tayari. Nilikubali, kwa kuwa sinki jipya la kawaida pamoja na tangi lake nilikuwa nimeambiwa ni shilingi 190,000 dukani, na sikuwa na njia nyingine. Kauri iliumia: kitako kimemeguka kwa nyuma, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Alikileta kile kipande sebuleni na kunionyesha kabla sijakiona mwenyewe, jambo ambalo nimelihesabu upande wake.

Sinki lilipotoka, aliuziba mdomo wa bomba kwa matambara yaliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, na hilo ningependa kila mwenye nyumba alisimamie hata fundi akisahau, kwa sababu hewa inayotoka kwenye karo si harufu mbaya tu, ina madhara, na pia kipande cha marumaru kikidondoka ndani ya bomba kitaleta taabu ya aina nyingine. Akang'oa marumaru mbili zile, akakwangua mpaka kwenye zege, akajaza udongo wa saruji na mchanga uliobanwa sawasawa, akalaza marumaru za akiba tulizokuwa nazo stoo. Hapo ndipo alipokataa kuendelea. Nilimsihi amalize siku hiyohiyo, naye akasema kwamba udongo uliolazwa leo ukitobolewa leo utapasuka na fisha, kile kichomeko cha plastiki kinachoshika skrubu tunduni, itazunguka ndani yake kama kijiti kwenye uji.

Ninataka sasa kuvieleza vifaa, kwa kuwa nilivinunua mwenyewe na kila kimoja kimeshatoa ushahidi wake.

Skrubu nilizitafuta Kariakoo, upande wa Gerezani, nikiwa na maelekezo ya kuchukua za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, za urefu wa milimita 80 pamoja na sumaku ya kuzipimia. Sumaku niliitoa kwenye spika iliyokufa. Stenlesi ya daraja linalotumika sana kwenye vifaa vya maji haivutwi na sumaku, au huvutwa kwa udhaifu mno, ilhali chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha hunaswa mara moja. Katika duka la kwanza zilinasa, muuzaji akasema, "Mama, hizi ni stenlesi ya kisasa." Katika duka la pili zilinasa pia. Katika la tatu hazikunasa, na bei ilikuwa shilingi 4,000 kwa jozi yenye fisha, wosha za plastiki na kofia nyeupe za kufunikia vichwa, ambayo ni mara mbili ya zile za kunasa. Tofauti hiyo ya shilingi 2,000 ndiyo fedha niliyoitumia vizuri zaidi katika shughuli nzima. Sisi hutumia maji chooni, iwe kwa kopo au kwa kibomba cha mkono, na sakafu hupigwa deki kila asubuhi. Skrubu ya choo cha nyumba ya Kiswahili haipati siku ya kukauka. Chuma cha kupakwa hapo hakina maisha.

Wosha ya plastiki inaonekana kama mapambo lakini si mapambo. Inakaa kati ya kichwa cha skrubu na kauri, ili chuma kisiikandamize kauri moja kwa moja, kwa sababu kauri haipindi, inapasuka tu. Ndiyo maana fundi hakutumia drili kukazia, alitumia mkono: robo mzunguko kulia, robo mzunguko kushoto, akilitikisa sinki kila baada ya hatua, na lilipotulia akaacha. Nilimwambia aongeze kidogo kwa usalama. Akanijibu kwamba usalama uko palepale alipoishia, na kwamba masinki mengi anayoyakuta yamepasuka kwenye tundu la skrubu yamepasuliwa na mtu aliyeongeza kidogo.

Kabla ya kukaza, alisawazisha. Ule upande wa mteremko aliuwekea kabari mbili ndogo za plastiki ngumu, akazisogeza mpaka pima maji ikakubali pande zote, akazikata zisionekane. Niliwahi kuona watu wakitumia vipande vya mbao au kadibodi kwa kazi hiyo. Mbao huvimba na kuoza, na kadibodi hulainika kwa maji ya siku ya kwanza. Kutoboa nako kulikuwa na adabu yake: utepe wa gundi juu ya alama ili biti isiteleze, drili bila kugonga mpaka marumaru itoboke, kisha ndipo biti ya zege namba 10 ikaruhusiwa kugonga.

Kwenye kiungo cha nyuma, ambako zamani palikuwa na saruji, iliingia pani konekta, kile kikombe cha mpira chenye mikunjo kinachovaa mdomo wa sinki upande mmoja na kuzama kwenye bomba la inchi 4 upande wa pili. Nililipa shilingi 9,000. Kifaa hiki nakipa alama zote, kwa kuwa kinaziba bila kuganda: choo kikitikisika kwa bahati mbaya mpira utacheza nacho bila kupasuka, na siku ya kukitoa kitavutwa tu kwa mkono. Fundi alikipaka sabuni ya maji ili kiteleze, akakataa grisi niliyompa, kwa maelezo kwamba grisi ya magari inaudhuru mpira. Anayekwenda kununua achukue vipimo vya mdomo wa sinki lake na aangalie kama bomba limekaa katikati, kwa maana zipo zilizonyooka na zipo zilizopinda kidogo kwa ajili ya bomba lililo pembeni, na muuzaji hatakuuliza.

Silikoni ndiyo iliyoniangusha, na kosa ni langu. Ilitakiwa ile ya bafuni, yenye dawa ya kuzuia ukungu. Mimi nikachukua ya kawaida kwa shilingi 8,500 ili kuokoa shilingi 2,500. Imeshika vizuri na haijabanduka, lakini kufikia mwezi wa sita madoa meusi yameanza upande wa dirishani, na hayatoki kwa kusugua kwa sababu yamo ndani yake. Fundi aliipaka sakafu ikiwa kavu kabisa, baada ya kupangusa kwa spiriti, na akatuomba tuiache saa 24 bila maji. Hukauka kuanzia nje kwenda ndani, kama milimita mbili au tatu kwa siku, na muda wote huo nyumba ilinukia siki kana kwamba tunaandaa kachumbari ya harusi. Upande wa nyuma hakupaka. Aliacha pengo la upana wa vidole viwili, na mimi niliyezoea kuona mzunguko kamili nilihisi nimepunjwa. Maelezo yake yalikuwa kwamba kiungo kikija kuvuja siku moja, maji yatatokea hapo nami nitayaona, ilhali ukiziba kote yatakaa chini ya kitako yakioza. Baada ya yaliyotukuta na saruji nyeupe, sikuwa na la kubisha.

Jaribio la mwisho lilimfurahisha mama kuliko mtu yeyote. Fundi aliweka bluu ya kufulia kwenye tangi, akatandika karatasi nyeupe za chooni kuzunguka kitako na chini ya kiungo, akavuta maji mara tano akiacha tangi lijae kila mara. Karatasi zikabaki nyeupe. Kisha akamwomba mama akae na kuinuka kama alivyozoea.

Neno moja kuhusu mafunzo ya kwenye intaneti, kwa kuwa nilipoteza nusu siku kwa ajili yake. Video nyingi za kutengeneza choo kinachocheza zimerekodiwa Marekani, na huko choo hutoa uchafu kwa chini, hukaa juu ya flanji, yaani pete ngumu iliyofungwa sakafuni, hushikwa na bolti mbili zinazotoka kwenye flanji hiyo, na katikati huwa na pete ya nta ambayo ikishakandamizwa mara moja haitumiki tena, hivyo kila choo kikiinuliwa hununuliwa mpya. Niliizunguka Kariakoo nikiulizia pete ya nta. Muuzaji mmoja mzee akaniuliza kama ni ya mishumaa. Vyoo vyetu vingi vya kutolea nyuma havina pete wala flanji. Vina mpira au vina saruji, na ni vyema mtu achungulie nyuma ya choo chake kabla hajaamini video.

Lawama zipo. Siku ya pili tulikubaliana saa mbili asubuhi naye akafika saa nne na nusu, bila simu. Alikuja bila biti namba 10, akaondoka kwenda kuinunua, na saa nyingine ikapotea. Vifusi aliviacha kwenye ndoo yangu ya kufulia, si kwenye mfuko. Na ule mmeguko wa kauri, japokuwa aliutangaza mwenyewe na uko nyuma ambako hauonekani, uko pale, na sikupunguziwa kitu. Jumla nililipa shilingi 81,500, vifaa na ufundi pamoja, bila kuhesabu saruji na marumaru za akiba. Ukiilinganisha na shilingi 15,000 za fundi wa kwanza ni nyingi. Lakini zile 15,000 zilinunua miezi saba, na sehemu ya siku ya kwanza ya huyu wa pili ilikwenda katika kuivunja kazi iliyogharimu hizo 15,000. Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na saa mbili na nusu za kusubiri.

Je, mwenye nyumba anaweza kuifanya mwenyewe? Kama skrubu zipo, hazijaoza, na sakafu haitoi sauti ya mtungi, basi bisibisi, wosha mpya na subira vinatosha, na hakuna sababu ya kumlipa mtu. Kama skrubu inazunguka bila kukaza, fisha imechoka na itahitaji kung'olewa na kuwekwa nene zaidi, kazi ambayo bado mtu mwenye drili anaiweza. Lakini marumaru zikilia tupu, au pakiwa na harufu na unyevu ukutani, mimi nisingethubutu. Kulinyanyua sinki ni kazi ya watu wawili wenye migongo mizima, na aliyelitoa ni lazima ajue namna ya kulirudisha.

Mwezi mmoja baadaye fundi alirudi, bila kuitwa, na chuma cha kushikia cha urefu wa mkono, akakifunga ukutani upande wa kulia wa choo kwa kimo alichokipima siku ile mama alipomwonyesha anavyoinuka. Chuma kilikuwa shilingi 18,000 na kukifunga hakutoza. Mama hashiki tena ukingo wa sinki, na hasindikizwi na mtu. Kofia nyeupe ya skrubu ya kushoto imeshapotea. Nimeiulizia katika maduka manne, na kote wananiambia haziuzwi peke yake.